Mkalimani Aliyefunga

Chumba namba tatu, Hull, saa nne asubuhi.
Ramadhani imeangukia Juni
na jua la huku halina haraka na mtu.
Mimi ni mdomo wa kukodi:
kushoto kwangu Daktari Holroyd,
kulia Mama Mapendo, wa Uvira, mwenye tumbo.

Muulize choo chake kina rangi gani.
Nauliza. Mama anatazama viatu vyake.
Kwetu Tanga ningesema haja kubwa
nikalivika neno ushungi;
kwao neno ni fupi, linatembea kichwa wazi.
Mama, mficha uchi hazai,
na humu mficha choo haponi.
Ananong'ona: cheusi.
Kama lami ya barabara mpya.

Daktari anaacha kuandika.
Damu ikipikwa na asidi huwa nyeusi, anasema.
Huko juu pana kidonda kinavuja.

Wanampulizia dawa ya kufisha koo.
Ndizi, anasema, lakini ndizi isiyowahi kuona mgomba.
Kisha ulimi wake unalala.
Sasa hana lugha hata moja,
nami sina kazi ila kumshika mkono.

Mwambie ameze.
Meza, mama.
Kidakatonge kinafunika njia ya pumzi,
bawabu huyo ambaye tangu tuzaliwe
hajadai mshahara.
Umio, mfereji wa waridi,
unajibana, unajiachia, unasukuma,
ungesukuma hata ukisimama kichwa chini.
Halafu tumbo lenyewe kwenye skrini:
mikunjo kama shuka la asubuhi,
na dimbwi la maji makali yanayoyeyusha nyama
bila kuila nyumba yanamokaa.
Kinachoyazuia ni ute,
ute tu, mwembamba
kama heshima ya jirani kwa jirani.

Hapo tumbo langu likanguruma.
Si kidogo: kama mtu anaburuta kabati ghorofani.
Nesi Maureen alikagua mashine zake zote.
Huyo nani? akauliza daktari, macho kwenye skrini.
Mimi. Nimefunga.
Si njaa hiyo, akasema, ni usafi.
Utumbo ukiwa mtupu, kila saa moja na nusu hivi,
wimbi hupita na ufagio
kutoka tumboni hadi mwisho wa utumbo mwembamba,
likikokota makombo ya jana.
Ukila tu, mfagiaji huacha.

Hilo sikulitafsiri.
Mama alikuwa na mpira kooni,
lakini kidole chake kilinibonyeza kiganja mara moja.

Kidonda kilikuwa mlangoni,
pale tumbo linapoikabidhi duodeni mzigo wake:
cheupe, cha mviringo, ukubwa wa shanga.
Bakteria. Si uchawi, si kijicho cha wifi, si mawazo.
(Wifi nilimrudia mara mbili.)
Vidonge, asubuhi na jioni, na usiviache njiani.

Koo liliporudi wakamletea chai
na slesi mbili za tosti yenye siagi.
Moja aliila. Ya pili akaifunga kwenye tishu
akaitia mfukoni mwa koti langu,
akapapasa mfuko kwa nje, kama anayelaza mtoto.
Hapakuwa na cha kutafsiri.

Saa tatu na dakika thelathini na sita usiku,
dirisha la jikoni, Barabara ya Beverley.
Adhana kwenye simu. Tende. Maji.
Halafu tosti, baridi, imekauka kama leso kambani.
Niliitafuna hadi wanga ukawa sukari
(mate hufanya hivyo, ukiyapa muda),
nikaimeza, nikaisindikiza kwa fikra:
umio, dimbwi, mlango,
nyongo ikiivunjavunja siagi,
kongosho likituliza ukali,
kisha mita kadhaa za giza
na vijidole vyake vyote, maelfu kwa maelfu,
vikipokea bila kuuliza imetoka kwa nani.

Kufikia daku itakuwa damu.

Niliweka mkono tumboni, nikasikiliza.
Kimya.
Mfagiaji alikuwa ameegemeza ufagio ukutani.